Kila Mtu Mara Tatu

Jumatatu, 13 Januari

Ninyi mtakaokuja kukitengeneza kitabu cha mwaka cha shule hii, kile cha picha za wanafunzi wote, someni kwanza kurasa za mbele za daftari hili la buluu. Zile ameziandika dada yangu Marlene, mwalimu, aliyekilea kitabu miaka ishirini na saba. Huku nyuma ni kwangu mimi, Leland Kubicek, msafishaji wa jengo na dereva wa basi namba tatu, na mtu pekee katika pande hizi za Nebraska ambaye, akiwa na miaka kumi na sita tu, alilitoa basi zima kwenye mtaro wa theluji kwa bega lake la kushoto. La kulia nilikuwa nimelipumzisha.

Marlene tumemzika Jumamosi. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi walete mashine.

Leo asubuhi mkuu wa shule, Bi. Haugen, amenikuta natia chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi za mlangoni, akanipa daftari.

"Leland, ameandika kanuni kumi na nne na nusu. Zilizobaki alikuwa nazo kichwani. Wewe ndiye umeshinda ndani ya chumba kile cha kitabu kuliko mtu yeyote. Andika unachokijua, wa mwakani wasianze gizani."

"Mimi shule sikumaliza, Bi. Haugen."

"Najua. Andika hivyo hivyo."

Nikasema sawa. Ndiyo nimeandika. Sijalia mpaka sasa. Hilo sijisifu, ingawa mengine yote humu nitajisifu.

Jumanne, 14 Januari

Theluji. Nimetia chumvi.

Jumatano, 15 Januari

Wanafunzi wa kukitengeneza kitabu walikuwa watano. Watatu wamekimbilia mpira wa kikapu, kama kila mwaka. Liandikeni hilo: mtu wa kikapu msimtegemee Januari.

Wamebaki wawili. Macy ndiye mhariri, yuko mwaka wa mwisho. Ni binti wa Marlene, mpwa wangu, na sasa anakaa kwangu, kwa sababu baba yake yuko Wyoming na watoto wengine. Haongei sana. Mimi naongea kwa wote wawili. Wa pili ni Ximena Barrios, darasa moja chini yake. Mwakani mhariri ni yeye.

Ukutani kuna karatasi kubwa tunayoiita ngazi. Kila ukurasa una kisanduku chake. Ukurasa ukienda kiwandani kuchapwa, kisanduku kinapakwa nyekundu. Ijumaa ya tarehe saba Machi vyote viwe vyekundu. Tukichelewa, kitabu kitafika wa mwaka wa mwisho wakiwa wameshatawanyika, na kitabu kisichosainiwa na wenzako ni tofali tu.

Macy amechukua penseli, akaenda kisanduku cha mia moja kumi na mbili, ukurasa wa mwisho kabla ya faharasa, ile orodha ya majina na namba za kurasa, akaandika: MAMA.

"Picha moja," akasema, "ukurasa mzima. Sitaki ya harusi. Ya hospitali ndiyo kabisa sitaki. Nataka ya hapa shuleni, akiwa kazini."

Ximena akashusha vitabu vyote ishirini na saba vya Marlene kutoka rafuni. Wametafuta saa mbili. Picha za walimu zipo kila mwaka, na chini yake kila mwaka pana mstari uleule: Hayumo pichani: Kubicek, M. Siku ya picha za walimu yeye ndiye aliyekuwa anawapanga wenzake, anawafunga tai, anawafuta midomo. Akimaliza, mpiga picha ameshafunga mizigo.

"Hakuna hata moja," Macy akasema. Alisema kama mtu anayesoma saa.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ninayo mimi."

Wote wakanigeukia.

"Niliipiga mwenyewe, siku timu iliposhinda mkoa. Ameshika kamera, anacheka, kofia imemkaa upande. Picha safi, hata watu wa magazeti ya Omaha waliiomba nikawakatalia."

"Iko wapi, Mjomba?"

"Kwenye sanduku, kibandani. Nitaitafuta."

Macy akaweka alama ya tiki kwenye kisanduku. Leo nyumbani amekula chakula chote.

Picha hiyo haipo.

Jumatano, 22 Januari

Upepo. Bomba la choo cha wavulana limepasuka. Nimelifunga kwa mkanda na maombi.

Jumatatu, 27 Januari

Nimesoma kanuni za Marlene zote. Mwandiko wake umenyooka kama mashamba ya mahindi. Ya tatu inasema: Kila mtu mara tatu. Maana yake, kila mwanafunzi aonekane kitabuni si chini ya mara tatu, hata yule anayekula peke yake. Ya sita: Jua likae mgongoni kwako, nyuso zipate mwanga, kisha kata picha kwa chini, kivuli chako kisiingie kitabuni. Ya tisa: Usiache nafasi kwa picha ambayo hujaiona kwa macho yako.

Ya tisa nimeisoma mara mbili. Nikafunga daftari, nikaenda kupiga deki ukumbi wa chakula, ambao ulikuwa umeshapigwa deki.

Ya kumi na tano imeishia njiani: Faharasa ihakikiwe na watu wawili, kwa sababu mmoja

Basi. Kalamu imeishia hapo.

Jumatatu, 3 Februari

"Mjomba, lile sanduku?"

"Kibanda kimeganda mlango. Nasubiri joto kidogo."

"Wewe si ndiye uliyetoa basi mtaroni kwa bega?" Ximena akadakia. "Mlango tu umekushinda?"

"Basi lina magurudumu, binti. Mlango hauna."

Macy hakucheka. Ximena akaenda rafuni. "Hebu nikione kitabu cha miaka yako, Mzee Lee. Nimuone huyo shujaa." Akahesabu migongo ya vitabu kwa kidole. "Cha mwaka themanini na nane hakipo."

"Kiliibwa," nikasema. "Kwa ajili ya picha zangu."

Kiko chumba cha joko la kupasha jengo joto, nyuma ya mabomba. Nilikificha mwenyewe wiki ya kwanza niliyoajiriwa. Huwa nasema nilifukuzwa shule kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya watu. Ukweli ni kwamba kusoma kulinishinda, na Februari ya mwaka wangu wa tatu niliacha kwenda, nikaenda kubeba magunia kwenye maghala ya nafaka. Marlene alikuwa mwaka wa mwisho, na tayari alikuwa anatengeneza kitabu. Kilipotoka aliniletea nyumbani, akasema, "Lee, angalia kurasa za mwisho." Mimi nilifungua darasa langu, nikaona mstari wa Hawamo pichani na jina langu ndani yake, nikakifunga. Za mwisho sikuziangalia.

Jumatano, 12 Februari

Theluji imeyeyuka, matope kila mahali. Chakula cha mchana kilikuwa supu ya nyama na maharage yenye pilipili, na mkate wa mdalasini. Marlene alikuwa anachovya mkate kwenye supu, sote tunamcheka. Leo hakuna aliyechovya. Nimeliona hilo na sikusikia kitu, kama jino lililochomwa ganzi.

Ximena ameniuliza tena juu ya picha. Nikamwambia jinsi jua lilivyokuwa kali siku ile, Marlene na koti lake jekundu.

"Mashindano ya mkoa si huwa Februari, katikati ya baridi?"

"Jua la Februari ndilo kali. Uliza mtu yeyote."

Akaniangalia, akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi, 20 Februari

Andikeni hili, halimo kwenye kanuni zake. Namna ya kuhakiki. Mmoja anasoma jina na ukurasa, mwingine anafungua, anaweka kidole juu ya uso, anasema: yupo. Kidole lazima. Macho hudanganya, hasa kwenye picha za bendi, ambapo wote wana kofia zile zile. Zamani Marlene alichapa mstari mzima wa majina kinyume, kulia kwenda kushoto, na mama mmoja akamkuta mwanawe wa kiume anaitwa Dolores. Tangu siku hiyo ni kidole.

Leo tumeanza na wa darasa la tisa. Macy anasoma, Ximena kidole. "Yupo. Yupo. Yupo. Huyu ana mbili tu." Basi wanamtafutia ya tatu. Jioni nzima hivyo. Nikakaa na ndoo yangu nasikiliza. Sauti ya Macy haina kupanda wala kushuka.

Jumanne, 25 Februari

Kibandani nimeingia kweli. Nimetoa kila sanduku. Nimepata skrubu, leseni za kuwinda na glavu moja ya Marlene ya mkono wa kushoto. Nimeivaa. Haikunienea.

Jumatatu, 3 Machi

Ngazi yote nyekundu, isipokuwa mia moja kumi na mbili na kurasa za faharasa. Kile kisanduku cheupe kinaonekana tangu mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya barafu. Mabasi yamerudishwa, shule imefungwa saa nne, wakabaki wanaokaa karibu. Nimewasha taa za chumba cha kitabu. Macy na Ximena walikuwa mezani.

"Mjomba, ni leo," Macy akasema. "Kesho tunafanya faharasa, Ijumaa kitabu kinaondoka."

Nilikuwa na hadithi tayari. Panya. Panya wakubwa kama mbwa wa kuwindia wamelila sanduku. Niliipanga tangu njiani, na ilikuwa nzuri, ina hata jina la panya mkubwa wao. Nikafungua mdomo.

"Haipo," nikasema. "Haijawahi kuwepo. Kamera yenyewe sina."

Ximena akaangalia meza. Macy akaendelea kuzungusha penseli.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza. Mama hakuwahi kwenda fainali ya mkoa, mwaka ule alinipeleka mimi kung'oa jino. Na koti jekundu, Mjomba? Mama na nyekundu?"

"Mimi nilijua kwenye jua la Februari," Ximena akasema taratibu.

"Sasa mbona mliacha ukurasa? Kanuni ya tisa..."

"Kanuni ya tisa naijua tangu nina miaka sita. Nilikuwa nakula uji nikisomewa kanuni ya tisa." Penseli ikasimama. "Niliuacha kwa sababu ukijaa, umeisha. Ndiyo basi. Nikaona bora Mjomba aendelee kuongopa kidogo."

Barafu ilikuwa inagonga vioo. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Hakikuja. Nikasema pole.

"Mimi siwezi kuweka ukurasa mtupu kwenye kitabu cha Mama," Macy akasema. "Niambie kitu cha kweli, Mjomba. Kimoja tu. Umekaa humu miaka yote. Alikuwa anasimama wapi?"

Hilo nililijua. Hilo sikuhitaji kulitia chumvi. Nikamwambia kwamba kila Septemba, siku ya bendi, saa kumi jioni, mama yake alisimama upande wa magharibi wa uwanja, kwenye kile kifuniko cha chuma cha bomba la maji, viwiko vimetoka nje kama masikio ya jagi. Jua mgongoni. Na kila mwaka alimfokea mtoto mpya, "Kata chini! Wewe mwenyewe umo pichani!"

Ximena akainua kichwa.

"Mzee Lee. Alikuwa anakata. Vile vipande vya chini vilikwenda wapi?"

"Haviendi popote. Inayokatwa ni ya kitabuni tu. Picha nzima inabaki kwenye..."

"Makapi," Macy akasema.

Kwenye kompyuta ile ya zamani kuna folda Marlene aliipa jina Makapi. Ndimo alimotupa kila picha kabla ya kukatwa, na kila iliyoharibika. Marlene hakuwahi kufuta kitu. Ximena akaifungua. Septemba, bendi, picha nzima: watoto na tarumbeta zao, nyuso zimejaa mwanga, na chini yao, juu ya nyasi, kivuli kirefu chenye viwiko nje kama masikio ya jagi.

Macy akavuta kiti karibu. Kisha Ximena, "Mwaka uliotangulia." Yupo. "Uliotangulia huo." Yupo. Tukarudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka ule aliomzaa Macy: yupo, ameongezeka tumbo.

Tumekaa mpaka saa tisa alasiri. Tukapata kabati la vikombe vya ushindi, na kwenye kioo chake mtu mwenye kamera usoni. Tukapata picha ya kwanza ya kila kundi, ambayo huwa haitumiki: mkono unaingia kutoka pembeni umeshika kadi nyeupe ya kupima mwanga, na kidole gumba kina plasta. Siku zote kilikuwa na plasta. Karatasi zilikuwa zinamkata.

"Kivuli, kioo, mkono," Macy akahesabu. "Mara tatu."

Ijumaa, 7 Machi

Jana tumefanya faharasa. Ximena alisoma, Macy kidole, mimi niligeuza kurasa za majaribio kwa kuwa mikono yangu ni mikubwa. Kutoka Aldana mpaka Kostal hakuna shida. Kisha Ximena akasoma kama anavyosoma wengine, Mungu ambariki:

"Kubicek, Marlene. Mia moja kumi na mbili."

Mara ya kwanza kwa jina hilo katika miaka ishirini na saba. Nikageuza. Macy akaweka kidole juu ya kivuli, pale ambapo kichwa kinaanza. Hakusema. Ximena hakumhimiza, hakusoma jina linalofuata, hakunywa hata maji. Saa ya ukutani ikapiga dakika yake, ikapiga nyingine.

"Yupo," Macy akasema.

"Lindauer, Cody. Kumi na nne."

Leo saa saba kitabu kimeondoka. Macy amepaka nyekundu kisanduku cha mwisho, akalala kwenye sofa bila kuvua viatu. Nimemfunika.

Jumatatu, 24 Machi

Matope.

Jumatano, 9 Aprili

Mbayuwayu wamerudi kwenye paa la ukumbi wa michezo. Nimeambiwa nibomoe viota. Ngazi yangu ni fupi, nimesema. Si fupi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mawe ya mvua makubwa kama mayai ya bata. Moja lilidunda kwenye boneti ya basi, nikalidaka. Hilo ni kweli. Macy alikuwepo.

Jumanne, 13 Mei

Vitabu vimefika, maboksi kumi na manane. Nimeyabeba mawili mawili. Harufu ya wino imejaa ukumbi mzima. Watoto wamelala chini kwenye sakafu yangu, wanasainiana, kalamu zinavuja, na sikumfokea mtu.

Wengi wanafungua kwanza kurasa za mwisho. Wanatafuta jina lao, kisha namba zao. Miaka yote nimewaona wakifanya hivyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya mwisho ya wa mwaka wa mwisho. Ximena alikuwa anaweka rafu sawa kwa mwakani, nikamletea kitabu cha themanini na nane, kina vumbi la joko.

"Si kiliibwa?"

"Mwizi amejuta."

Macy akakichukua mikononi mwake. Akafungua nyuma kabisa, kwenye faharasa, kama mtu wa kitabu anavyofungua. Akasimama palepale.

"Mjomba. Njoo uweke kidole."

"Mimi simo humo. Niliacha Februari."

"Kubicek, Leland. Ishirini na mbili."

Ximena akanigeuzia ukurasa. Foleni ya chakula. Mwishoni kabisa sikio, kiwiko na sinia. Sikio langu nalijua.

"Yupo," nikasema.

"Arobaini."

Basi mtaroni, theluji mpaka magotini, wavulana wanasukuma. Wa mwisho kushoto amelaza bega.

"La kushoto," nikawaambia. "Niliwaambia nini?"

"Mko kumi na mmoja hapa," Ximena akasema.

"Wale wengine walikuwa wameegemea."

Macy akacheka. Kidogo, puani, lakini nilisikia. Kisha akasoma, "Themanini na saba."

Ukumbi wa michezo, watu wamejaa vitini. Katikati mimi, mdomo wazi, mikono hewani, nasimulia kitu, na waliokaa karibu yangu wote wamekufa kwa kicheko. Hakuna anayeangalia mchezo. Aliyepiga picha alikuwa chini yetu, karibu sana. Dada yangu, miaka kumi na minane, na kabla hajawa mwalimu wa mtu yeyote alikuwa ameshahesabu mpaka tatu.

Nikaweka kidole. Sauti haikutoka. Macy alikuwa na kitabu mkononi, jina linalofuata lilikuwa pale chini, na hakulisoma. Akasubiri. Watoto walikuwa wanapiga kelele nje, honi za magari, mtu anaita mtu. Akasubiri tu.

"Yupo," nikasema.

Kanuni ya kumi na tano nimeimalizia kwa mwandiko wangu, mnisamehe umepinda. Sasa inasomeka: Faharasa ihakikiwe na watu wawili, kwa sababu mmoja akishindwa kusema, mwingine amsubiri.

Daftari na ufunguo wa chumba viko kwa Ximena. Taa ya tatu kutoka mlangoni hucheza. Igongeni kidogo kwa mpini wa ufagio, itawaka.